Kura ya Mikono Kebirigo

Naomba mkisikie kisa hiki kwangu kabla hakijawafikia kutoka sokoni. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa chai hapa Kebirigo. Juzi tulihutubia shirika moja la kimataifa kwa kompyuta, nikawakemea wakubwa wa dunia wanaoamua mambo bila kuwauliza wanyonge. Nilijisikia mtu kweli.

Ndipo katibu wa mkutano, ambaye kamera yake ilikuwa imezimwa, akauliza kwa Kiingereza kama wanachama wangu waliyapigia kura mapendekezo niliyoyasoma kwa niaba yao.

Hata kuyasoma hawakuwa wameyasoma. Nikawageukia wanachama walioketi nyuma yangu, nikatabasamu, nikasema kwa Kikisii, maana huko Ulaya nani angeelewa, "Inueni mikono, na mtu asiniulize kitu."

Mama Kemunto akauliza, "Tunakubali nini?"

"Wewe inua tu."

Wakainua. Nikarudi kwa Kiingereza changu. "Kama mnavyoona, wote wamekubali."

Kisha katibu akawasha kamera, akanitazama.

"Tata," akaniita baba kwa Kikisii safi cha Magwagwa, hapa jirani, "na sisi huku tuinue?"