Mama mkwe anasema mtoto anayekataa maziwa ya ng'ombe si wa ukoo wao

Admin, nakuomba unifichie jina. Mama mkwe wangu hana simu kubwa, lakini mashemeji zangu walio Kampala na Nairobi wote wako humu na wanasoma kila kitu.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, Mkongomani wa Uvira, nyumbani kwangu ni kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kwetu ni watu wa ziwa, tumekua kwa ndagala, yaani dagaa, na ugali wa muhogo. Bwana yangu ni wa milimani, kwao ni wafugaji, na kwao maziwa si chakula tu, ni heshima. Mgeni anapewa maziwa, bibi harusi anapewa maziwa. Tulipendana huko huko kambini, na sikuona shida yoyote hadi mtoto wetu wa kiume alipotimiza mwaka mmoja.

Mpaka hapo alikuwa ananyonya, anakula uji na viazi, mtoto mnene wa kuchekacheka. Mama mkwe akasema sasa apewe maziwa ya kweli. Sikupinga, maana hata muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia mtoto akifika mwaka anaweza kunywa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Niliyachemsha mwenyewe, nikayapoza, nikampa kwa kikombe. Hata nusu hakufikisha. Alianza kujikuna shingo, vipele vikamtoka kama ameumwa na nyuki, akatapika yote. Mama mkwe akasema ni minyoo. Bwana yangu akasema labda mchuuzi ameyachanganya na maji machafu. Tukajaribu ya kopo, ikawa vile vile. Nikaacha kabisa, nikarudi kwenye titi langu na uji, mtoto akatulia.

Nilidhani yamekwisha. Siku moja natoka kuteka maji, nasikia mtoto analia kwa sauti iliyokwama. Namkuta mama mkwe amempakata, kikombe kiko chini, midomo ya mtoto imevimba, macho yamefunga, anavuta pumzi kwa shida. "Nimemupa kidogo tu," mama akasema. "Kidogo tu, mwili wake uzoee." Jamani, nilipanda boda bila viatu. Kituo cha afya walimchoma sindano, akapumua, kisha wakatupeleka hospitali ya Mbarara kwa gari la wagonjwa.

Daktari wa Mbarara alikuwa mama mpole, aliongea nami Kiswahili chake cha Uganda. "Mama, mwili ya hii mtoto inakataa maziwa ya ng'ombe. Usimpe kabisa. Hata hiyo ya kopo imetoka kwa ng'ombe. Ya mbuzi pia hapana." Akaniambia niendelee kunyonyesha, nimpe maharagwe, mayai, ndagala za kusaga, na maziwa ya soya ya watoto. Akasema wengi wakikua mwili hukubali, lakini kujaribu kufanyike hospitali, si nyumbani.

Niliporudi nikawaeleza yote. Mama mkwe alisikia neno moja tu. "Si unaona? Daktari mwenyewe amesema atazoea!" Nilipokataa, akatoka nje, akasema mbele ya majirani: "Nimelea batoto saba na maziwa. Hakuna mutoto wa kwetu mwenye kukataa ngombe. Huyu ametoka wapi, fasi gani?"

Nilimtazama bwana yangu nikisubiri aseme kitu. Baadaye akanifuata jikoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Niambie kweli, huyu mutoto ni wangu?"

Sijawahi kujua mwanamume mwingine. Mtoto ana masikio ya baba yake, ana kicheko chake, hata kulala analala amekunja ngumi kama yeye. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaja Mbarara kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Nyamityobora, na mpaka leo niko hapa.

Soya alianza kwa kuitema, sasa anashika kikombe mwenyewe. Ngozi imekuwa laini, ameanza kutembea. Mimi ndiye situlii. Pikipiki ikisimama nje, nafikiri wamekuja kumchukua. Watoto wa dada wakinywa chai ya maziwa, nazunguka nanusa vikombe vyote. Hata kufua nafua naye mgongoni, na ni mzito sasa.

Jumapili iliyopita bwana yangu alikuja. Alilia, akaniomba msamaha kwa lile swali. Akasema mama hali chakula, anamtaka mjukuu wake, turudi nyumbani. Nikamuuliza, "Ameahidi hatampa maziwa?" Akasema ameahidi. Nikamwambia ampigie, nisikie kwa masikio yangu.

Mama alivyosikia sauti yangu alilia sana. Nami nililia. Nikamuuliza, "Mama, utampa tena?" Akasema, "Binti yangu, siwezi kudanganya Mungu. Mimi ni muzee. Nikikufa mujukuu wangu hajazoea maziwa kwa mukono wangu, nitakuwa nimekufa bila mujukuu. Nitamupa matone tu."

Bwana yangu akakata simu. Akaniapia atamchunga mama. Lakini yeye anaondoka asubuhi kwenda shambani hadi jioni, nami lazima nitoke kuteka maji na kutafuta kuni. Nikamwambia basi ahamie huku Mbarara. Akasema hawezi kumwacha mama peke yake. Mama ndiye aliyembeba mgongoni utotoni wakikimbia vita.

Simchukii mama yule. Siku nilipojifungua ndiye aliyenishika mkono mpaka mwisho, na najua anampenda mtoto huyu kuliko anavyojipenda. Hilo ndilo linalonitisha. Mtu mbaya ningemkimbia bila kugeuka nyuma.

Jumapili hii bwana yangu anarudi kuchukua jibu. Amesema nikikataa hatakuja tena kuniomba. Nyinyi mlioolewa kwenye ukoo usio wenu, nanyi wamama mlio na wakwe, semeni nami kabla hajafika: nirudi na mtoto, au nimwache baba yake aende?