Sauti ya Marehemu Kwenye Filamu Bubu

Televisheni ya shangazi ilifunikwa leso siku ya maziko ya mumewe, na mimi ndiye niliyekuja kuifunua. Shangazi alikuwa amekaa eda, hatoki, na katika wapwa wake wote wa Mji wa Kale alinichagua mimi, niliyesoma chuo kikuu mpaka macho yakaharibika, nimtafutie filamu.

Ilikuwa filamu bubu ya zamani. Enzi za ujana wao marehemu alikuwa akiionyesha ukutani kwa projekta, wanawake wa nyumba wameketi mkekani, naye akiwasemea wote waliomo: mume, mke, kasisi, hata farasi.

"Uso wake ninao," shangazi aliniambia. "Picha zimejaa kabatini. Sauti ndiyo inanitoka, mwanangu. Jana nilijaribu kumsikia akiniita, nikamsikia kaka yake."

Marehemu hakupenda simu. Hakuacha hata salamu moja iliyorekodiwa.

Nilianza na projekta. Haikuzunguka, na mikanda ilikuwa imeoza, ikinuka siki hadi nikatokwa machozi. Fundi wa Bondeni aliniuliza kama nataka kuiuza iwe pambo la hoteli. Nikahamia mtandaoni. Jina la filamu hakuna aliyelijua. Shangazi alikumbuka tu kwamba mume ni mlinzi wa daraja, na mke huweka taa dirishani. Nilitazama wake wengi wa Kizungu wakilia madirishani kabla ya kumpata wetu. Mtu alikuwa amembandikia muziki wa kinanda. Nikazima sauti, maana muziki katika nyumba yenye eda haufai. Kuhusu picha, shangazi alikwisha kujitolea fatwa: "Hawa hawasemi. Wana kosa gani?"

Tuliitazama alasiri. Nilifunga madirisha, nikaunganisha kompyuta kwa waya, nikajiweka tayari kumfasiria maandishi ya Kiingereza. Hakunihitaji. Taa ilipowekwa dirishani, shangazi alisema, "Ingia ndani, baridi hiyo," kwa sauti nzito iliyotoka kifuani. Nilidhani anasafisha koo. Akaendelea. Kile kikohozi kifupi kabla ya neno, ile pumzi ya mvuta sigara, vilikuwa vya marehemu; shangazi hajapata kushika sigara maishani. Niliitazama midomo yake kidogo, kisha nikaona afadhali nitazame filamu.

Mto ulifurika, daraja likaenda, wanaume wakaleta jeneza. Mke akaliangukia. Maandishi yalisema wazi kwamba mumewe amekufa.

"Huyo siye," ile sauti ikasema. "Huyo ni jirani. Mwenyewe yu ndiani, yuwaja."

Nadhani marehemu aliibadilisha hadithi zamani, kwa ajili ya shangazi, bibi arusi wake aliyekuwa akilia mkekani. Picha ikaendelea kuzika. Sauti nayo ikaendelea kumleta mtu aliye njiani: viatu vimelowa, amepita miti, ameshika lango, anapanda.

Nikasikia vishindo kwenye ngazi zetu.

Vilisimama nje ya mlango. Shahada zangu zote hazikunisaidia kuvuta pumzi. Kisha kitu cha bati kikawekwa sakafuni, na vishindo vikateremka mbio.

Nilipofungua nilikuta sinia ya mikate ya mofa. Jirani, bibi aliyezoea kumletea shangazi chakula, alikuwa chini kwenye ngazi, ameshika ukuta.

"Nani huyo mwanamume ndani?"

"Ni mimi, bibi. Mpwa wake."

"Wewe nakujua. Namuulizia anayesema." Alijifunga buibui vizuri. "Nilisimama niwagombeze, mwanamume kukaa akizungumza na mjane mwenye eda. Halafu nikamjua."

Nilimkaribisha. Hakupanda.

Niliporudi filamu ilikuwa imekwisha. Shangazi aliniuliza, kwa sauti yake mwenyewe, jirani amesema nini.

"Anasema amemsikia marehemu."

Alifumba macho. "Basi ndiye," akasema. "Nilihofu najidanganya." Kisha akanionyesha televisheni kwa kidevu. "Nirudishie pale anapofika."

Nikarudisha. Safari hii nilikaa nikitazamana na mlango.