Kidole Tulichokitoboa

Kidole gumba cha mguu wa kulia cha mke wangu kilipovimba, sote tuliamini ni funza. Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai huko Kericho, tukitembea pekupeku, na funza walikuwa wengi. Jirani yetu, mama aliyetoka upande wa ziwa kama sisi, alikuwa hodari wa kuwatoa. Alikishika kile kidole, akacheka.

"Dada, huyu umemlea mpaka amenenepa! Unampa ugali?"

"Anakula kuliko mume wangu," mke wangu akajibu.

Jirani alitoboa kwa pini, ikatoka damu tu. Siku ya pili nilitoboa mimi, nikapaka mafuta ya taa. Niliendelea hivyo kwa mwezi mzima, naye akiuma leso asipige kelele. Kidole kikawa cheusi, kikubwa kama kiazi.

Nikampeleka hospitali ya misheni kwa gari la ng'ombe. Daktari alikitazama, kisha akamuuliza mke wangu, dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akitafsiri, kama bado anatoka damu ya mwezi. Nilikasirika. Mimi nilikuwa nimeleta mguu.

Mke wangu alinitazama. Damu ilikuwa imekatika miaka mingi, halafu mwaka uliotangulia ikarudi. Aliniambia mimi peke yangu. Tulikuwa tumezika watoto wawili na hatukuwa na mwingine, kwa hiyo tulifurahi. Tulidhani Mungu ametukumbuka.

Akajibu ndiyo, inatoka.

Dresa akatueleza kwamba ugonjwa huo unaitwa kansa, kwamba ulianzia kwenye mji wa mimba ukafika hadi mfupa wa kidole. Daktari mwenyewe, alisema, hakuwahi kuuona ukienda huko.

"Kikikatwa nitapona?" mke wangu akauliza.

"Hapana, mama. Maumivu ya mguu yatapungua, upate usingizi."

"Basi kateni."

Walikikata. Alilala vizuri majuma machache, halafu tumbo likaanza kuuma na usingizi ukaisha. Mimi nilienda kazini kila siku. Sikumbuki nilikuwa nikiwaza nini.

Alikufa asubuhi, watu wakiwa shambani wanachuma. Nilimfunika, nikaenda kumwambia nyapara kwamba sitafika kazini.

"Pole. Ni ule mguu?"

Wanaume wengine walikuwa wamesimama hapo wakisikiliza. Nikasema ndiyo, ni mguu.