Tonge la Kwanza la Baba

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Baba alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ukabaki mzito, kama wa kuazima. Kijiko kilimponyoka, uma ulimponyoka, hata tonge la wali lilimmwagikia vidoleni. Wa kushoto hakutaka hata kuusikia. Aliyelelewa Tanga hatii chakula kinywani kwa kushoto. Kulishwa ndiyo kabisa. Basi akawa anakula peke yake chumbani, mlango umefungwa, nasi sebuleni kwetu, mtaa wa Agincourt, Toronto, tunakula kama tuliofiwa. Mpira wa mazoezi aliopewa na mtaalamu wa viungo aliutupa kwenye droo ya soksi. Mama aliniambia kuwa yeye hakuogopa ule mkono. Aliogopa kwamba mumewe hatakula naye tena.

Mimi nina hasira za karibu. Nilikata tiketi za Laos bila kumwuliza mtu, maana nilisikia ni nchi isiyo na haraka, na huko Baba hakuwa na wa kumwonea haya. Alinuna mpaka tukapanda ndege.

Kweli haina haraka. Tulishuka mto Mekong kwa boti iliyokwenda polepole hata wanangu wakaacha kuuliza tutafika lini. Baba akaanza kusalimia watu kwa Kiswahili, nao wakamjibu kwa lugha yao, wote wameridhika.

Jioni, mwenye nyumba ya wageni alitutandikia mkeka, akaleta samaki wa kuchoma, pilipili ya kusaga, na wali ndani ya vikapu vidogo vya mianzi. Kijiko hakikuwepo. Baba akataka kuinuka aende chumbani. Mama akamshika shati. Mwenyeji wetu, mama wa makamo, alimega wali, akaubinya kwa vidole, akauchovya kwenye pilipili, akala. Wali wao unanata, haumwagiki, na hauchoki kumsubiri mtu.

Baba akatazama, akakaa. Akatia mkono wa kulia kikapuni, akabinya, akabinya tena, kwa vidole vilevile vilivyoukataa mpira. Tonge likatoka na sura mbaya, lakini likafika kinywani. Mimi nililia waziwazi, wala sikuona haya.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Kuleni, samaki anapoa."

Alimaliza kikapu chake, akahamia cha Mama. Tangu hapo, kila tulipokula, sokoni au mgahawani, Baba alikaa katikati yetu na kulalamika kwamba pilipili haitoshi. Sijawahi kufurahia malalamiko kiasi kile.

Tuliporudi Toronto, Mama alisonga ugali, akaupakua kwenye sinia moja. Hakumwita mtu. Baba alitoka chumbani mwenyewe, akanawa, akaketi. Akamega, akalibinya tonge taratibu mpaka likakaa sawa, akalichovya kwenye mchuzi. Hakulila. Alimnyooshea Mama, mbele yetu sote, kwa mkono wa kulia. Mama aliona haya kama bibi harusi, lakini alifungua kinywa.