Fidla Zilipoondolewa, Bibi Alipaliwa

Bibi alikuwa amebadilika rangi, wali wa mtindi umemkaa kooni, na kispika cha mwanawe kinaendelea kuimba tu. Nilimwinamisha, nikampiga mgongoni kwa kiganja mpaka ukatoka. Ambulensi ilipofika alikuwa anakoroma badala ya kupumua. Siku hiyohiyo kampuni ya walezi iliyoniajiri ikaniambia nisirudi tena nyumba ile.

Wanasema nilimlisha kwa pupa. Basi nieleze.

Bibi ni Mtamil, mjane, anaishi huku ughaibuni, Harrow, kwa mwanawe. Mimi nilikuwa mlezi wake wa mchana. Kiharusi kilimnyang'anya maneno, ila nyimbo za filamu za kwao kilimwachia. Alikuwa na kaseti za zamani, kasha zima. Mwimbaji akianza, Bibi naye anafungua mdomo kumfuata, na huwezi kumtia kijiko mtu anayeimba. Mwimbaji akinyamaza, fidla zikashika, filimbi ikazijibu, Bibi anafumba macho na kutulia. Hapo ndipo anapokula. Anatafuna, anameza, fidla bado zinapanda.

Kitamil sijui hata neno. Lakini mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa na taarab. Mwimbaji akitaka kurudi, vyombo vinamfungulia njia, unasikia kabisa. Yule mama wa kwenye kaseti alikuwa na sauti nyembamba, hana haraka, unamsikia anavuta pumzi, na Bibi anavuta naye. Ilifika mahali nikawa naungoja mchana kwa ajili ya sauti ile.

Na kulishwa nakujua. Mume wangu wa kwanza alinivunja taya, nikalishwa na nesi aliyekuwa anatazama saa. Kila kijiko kilikuwa ugomvi.

Halafu mwanawe akaamua kaseti ni takataka. Akazitupa, akaleta kispika na nyimbo zilezile, eti zimesafishwa. Anaimba kijana fulani, sauti ya puani, ngoma za mashine zinapiga dududu kama harusi ya watu wenye haraka. Fidla wamezikata. Zimebaki noti mbili tatu tu, za kinanda.

Nikamuuliza, "Kaka, vyombo vya katikati viko wapi?"

Akacheka. "Anti, wimbo si uleule? Maneno yaleyale."

"Maneno yaleyale, kaka, lakini hamna pa kumeza."

Akasema nimeajiriwa kulisha, siyo kuendesha disko. Nikampigia supavaiza wangu wa kampuni. Naye akasema mambo ya muziki hayamo kwenye kazi yangu, nisigombane na familia. Kispika kinaendeshwa na simu ya mwanawe. Kukizima nilikuwa siwezi.

Mchana uliofuata kijana akanyamaza, kinanda kikalia, nikatia kijiko. Sijakitoa sawasawa, kijana amesharudi, na Bibi kafungua mdomo kumfuata, wali umejaa.

Sasa yuko wodini, anakula kwa mpira puani. Mwanawe kaiambia kampuni kosa ni la mikono yangu. Supavaiza aliyeonywa kwa simu anajifanya hakuonywa, na mimi ndiye nimekaa nyumbani bila shifti.

Sitaki pole. Namtaka huyo kaka aende kitandani kwa mama yake, supavaiza awe pembeni yake, amwambie kwa Kitamil ni nani aliyemfanya apaliwe. Asiseme ni kijiko. Amwambie ni nani, nami niwepo nimwangalie usoni.