Tausi Kichwa Chini

Sebuleni kwa Bi Asmaa, pale Kihesa, kulikuwa na picha moja tu ukutani, nayo ilikuwa ya harusi ya Nasrin, binti yake mdogo. Mama yumo, kaka Othmani yumo, mashangazi wamo, hata jirani aliyekuja kuazima sinia yumo. Mwanakhamisi, binti mkubwa wa nyumba, hayumo. Picha inapigwa, yeye alikuwa uani anageuza pilau, na hakuna aliyekumbuka kumwita. Miaka yote alikuwa akiifuta vumbi picha ile huku roho inamuuma, wala hakumwambia mtu.

Ndiyo maana Othmani aliposema Idi hii familia nzima ipige picha studio, kwa Tadeo kule mjini Iringa, Mwanakhamisi alijiwekea nia moja. Tadeo ana desturi yake. Mama wa familia humkalisha kitini, na pembeni yake huweka kiti kimoja tu kingine. Waliobaki wote husimama nyuma. Hicho kiti cha pili alikitaka yeye. Nani tena kama si yeye? Tangu aachwe na mumewe anaishi na mama, anamchemshia maji ya kuoga asubuhi za baridi, anamvalisha soksi, anajua dawa ipi inamchefua. Nasrin yuko zake Mbeya kwa mumewe muuza mchele. Anapiga simu Ijumaa, na akikata tu, mama anashinda kutwa akimtaja.

Haya, na sare kachagua nani? Nasrin huyo huyo. Kitambaa kilifika na basi la kutoka Mbeya, jora zima la kitenge cha bluu chenye tausi, na ujumbe kwamba dada ni fundi, atatushonea. Ni fundi kweli, ana cherehani yake barazani na wateja hawamkauki. Lakini yeye alitaka zambarau, rangi inayompendeza mama. Mama akalipapasa lile jora, akasema Nasrin ana jicho la kuchagua. Mwanakhamisi akachukua mkasi.

Alimshonea mama, akamshonea mke wa Othmani, akajishonea mwenyewe, tausi wote wamesimama wima. Akafika kwenye gauni la Nasrin. Fundi yeyote anajua kitenge chenye ndege kina juu na chini. Unakitandaza, unatazama vichwa kwanza, ndipo unakata. Mwanakhamisi alivitazama vichwa vizuri tu, akakigeuza kitambaa makusudi, akakata. Tausi wa Nasrin wakawa kichwa chini miguu juu, kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Alijua mdogo wake anavyojipenda. Akiliona siku yenyewe, muda wa kushona jingine hakuna, ataona haya, atajificha nyuma ya mabega ya Othmani, na kiti kitakosa mwenyewe. Akiulizwa, atasema alipitiwa. Kazi zilikuwa nyingi, jamani, fundi naye binadamu.

Siku ya Idi, watu walipotoka kuswali, Nasrin alivaa akasimama mbele ya kioo. Mwanakhamisi alijifanya anamfunga mama vifungo vya sweta, kumbe jicho lote liko kwa mdogo wake. Nasrin akageuka kushoto, akageuka kulia, kisha akaja akamkumbatia.

"Dada, langu umelitofautisha na ya wenzangu wote," akasema. "Ndege wanashuka! Mshono kama huu hata Mbeya sijauona."

Mama, ambaye ndiye aliyemfundisha Mwanakhamisi kukata nguo, alilitazama lile gauni, akamtazama aliyelishona, akaomba apewe mtandio wake.

Studio ikawa balaa zaidi. Tadeo aliwapanga, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akasema sare zinafanana mno. Huyu mwenye gauni la kipekee ndiye akae mbele na mama. Nasrin akakaa, akajitandaza na tausi wake. Mwanakhamisi akasogezwa nyuma, mwisho kabisa, na ndivyo alivyotoka pichani: yumo, lakini amenuna kama mtu aliyelazimishwa kuingia.

Picha ikatundikwa juu ya ile ya harusi. Haikupita wiki, jirani yao Apolonia, aliyeiona siku alipokuja kutoa mkono wa Idi, akaja barazani na kitenge chake cha njiwa. Alitaka akatiwe mshono wa Nasrin, ule wa ndege kichwa chini. Mshono wa Nasrin! Mwanakhamisi alihisi damu inampanda. Jina nalo kalichukua.

Mama alikuwa ameketi pembeni akiota jua.

"Usiuite wa Nasrin," akamwambia Apolonia. "Aliyeubuni ni huyu hapa. Aliubuni kwa roho yake yote."

Apolonia akamsifu fundi, akaacha kitambaa, akaenda zake. Mwanakhamisi akainamia cherehani kama anatafuta sindano iliyoanguka.

"Na kile kiti," mama akasema taratibu, "ungeniomba tu, mwanangu. Nilikuwa nakungoja useme."

Mwanakhamisi hakuinua uso. Alikitandaza kitambaa cha Apolonia, akatazama vichwa vya njiwa viko wapi, akakigeuza, akaanza kukata.