Mteremko wa Nekesa

Kilichonitoa Dubai ni wivu, na sioni haya kusema. Nekesa ni wa kijiji chetu, tunalala chumba kimoja Karama na tunafanya kazi hoteli moja Deira. Mwaka jana alienda Georgia akarudi na picha: kasimama kwenye mteremko mweupe pe, koti jekundu, mikono kaitanua. Mama yangu, aliyenizaa mimi, akaiweka profaili ya simu yake. Haki niliumia!

Siku yangu ya kuondoka kwenda kijiji kilekile cha Georgia, Nekesa alinipa lile koti. Chumbani kwetu koti zito ni hilo moja tu, kila anayefuata baridi huliazima.

"Nina langu," nikamwambia. Sikuwa nalo. Nilivaa sweta tatu.

Batumi tulitua mvua ikipiga bahari. Gari lilipoanza kupanda milima, mvua ikageuka theluji, na tulipofika kijijini dhoruba ilikuwa imefunika hata madirisha.

Asubuhi upepo ulitulia kidogo. Nilimwonyesha mwenyeji wangu, mzee Temuri, mteremko ulio juu ya nyumba yake.

"Sir, nataka kupiga picha pale."

"Leo hapana," akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza.

"Rafiki yangu alipanda!"

Alichukua sepetu akachimba kando ya nyumba. Chini kulikuwa na theluji ngumu ya zamani, katikati punje kavu kama sukari, zisizoshikana, na juu theluji nzito iliyoletwa na upepo wa baharini. Akakata kipande kama sanduku, akakigonga kwa kiganja. Sehemu yote ya juu iliteleza ikaniangukia miguuni.

"Kule juu," akasema, "kiganja ni wewe."

Nilielewa, lakini moyo ulikataa. Nikafunga viatu huku nikimwonyesha picha ya Nekesa. "Na huyu je?"

Mzee aliitazama akacheka. "Huyu? Hapa ni nyuma ya zizi langu. Hata ng'ombe wangu aliwaogopa."

Wee! Nikakaa chini na viatu vyangu. Bado nilikuwa nimekaa pale tuliposikia mngurumo. Mteremko wote ulishuka, vumbi jeupe likafunika bonde, na njia ambayo ningepita haikuonekana tena.

Jioni nilipiga picha nyuma ya zizi, nikamtumia Mama.

Niliporudi Karama, Nekesa alinipokea mlangoni. "Ulifika kwa mteremko wangu?"

"Nilifika. Ng'ombe wanakusalimia."

Alicheka hadi akaanguka kitandani. Nilipomweleza juu ya ule mlima kicheko kilikatika.

"Ungekufa kwa sababu ya picha yangu?" Akalitundika koti lake kwenye kitanda changu. "Khalas, yamekwisha, la kwako hilo."

Nilichojifunza ni kwamba theluji hukaguliwa ndani kabla ya kukanyagwa, na picha vilevile. Wivu nao nilidhani nimeuacha zizini, mpaka simu ilipolia. Mama alikuwa amejibu: "Nzuri. Lakini mbona umekunja uso? Mwambie Nekesa akufundishe."

Niliufuta ujumbe kabla Nekesa hajauona.